Telekonveta ni ya ndege mdogo aliye karibu, si ya ndege aliye mbali

Swali la msomaji: Mwalimu, habari za kazi. Napiga picha za ndege kwa lenzi ya zumu ya milimita 100–400 ambayo mwisho wake ni f/5.6. Kamera yangu haina kioo, kihisi chake, yaani kile kinachopokea picha, ni cha fremu kamili, megapikseli 24. Siku moja rafiki aliniazima telekonveta ya 2x nikawapiga bata na korongo waliokuwa ng'ambo ya bwawa, kama mita 70 hivi, saa sita mchana, shata 1/500 ya sekunde, kamera mkononi. Picha zote zimefifia, manyoya hayaonekani kabisa. Je, ninunue ya 1.4x, nitafute ya 2x iliyo bora zaidi, au niendelee tu kukata picha kwenye kompyuta ili ndege ajaze fremu? Na nikishaipata, niiache kwenye lenzi muda wote?

Jibu:

Nunua ya 1.4x, lakini baada ya kufanya jaribio dogo nitakalokueleza huko mbele. Kwa lenzi hiyo uliyo nayo, ya 2x achana nayo. Jibu hilo fupi halitakufaa, hata hivyo, kama hujajua ni nini kiliziharibu picha zako za bwawani. Ungeazimwa telekonveta bora kuliko zote duniani ukasimama palepale saa ileile, ungerudi nyumbani na picha zilezile.

Tuanze na kifaa chenyewe. Telekonveta ni kipande kifupi chenye vioo ndani, kinakaa kati ya lenzi na kamera. Kinachukua sehemu ya katikati ya taswira ambayo lenzi imekwisha kuitengeneza, kinaitandaza mpaka ijaze kihisi. Wanaotazama nyota kwa darubini wana kifaa cha ukoo huohuo, lenzi ya Barlow, iliyopewa jina la Peter Barlow, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. Usiichanganye na zile pete tupu za kurefusha lenzi ambazo hazina kioo ndani. Hizo ni za kupigia vitu vya karibu sana, na ukizifunga huwezi tena kupata fokasi ya kitu kilicho mbali.

Shika vizuri hayo maneno "imekwisha kuitengeneza". Telekonveta haioni ndege. Inaona kile ambacho lenzi imeleta, kikiwa kizuri au kibaya, na inakikuza kilivyo.

Sasa mwanga. Namba ya f hupima tundu la lenzi: ikikua, tundu linakuwa dogo na mwanga unapungua. Lenzi yako ya 400 na f/5.6, ukiifungia 1.4x, inakuwa milimita 560 na f/8. Umepoteza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Ukiifungia 2x inakuwa milimita 800 na f/11. Umepoteza stopu mbili, umebaki na robo. Asubuhi ambayo lenzi tupu ingekupa shata 1/1000 kwa ISO 1600 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ulioingia), ya 1.4x itakudai ISO 3200 na ya 2x itakudai ISO 6400, shata ikibaki ileile.

Wengi wakiziona namba hizo za ISO huogopa chenga, zile punje zinazotokea kwenye picha ISO ikipanda, wakaikataa telekonveta kwa sababu hiyo peke yake. Naamini wanaogopa kitu kisichostahili hofu hiyo. Gawanya 400 kwa 5.6 unapata 71 hivi. Gawanya 560 kwa 8 unapata 70. Gawanya 800 kwa 11 unapata 73, na tofauti hizo zinakuja kwa kuwa namba za f zenyewe huandikwa kwa kukadiria. Hizo milimita 71 ndizo upana wa mlango ambao mwanga wa ndege unaingilia kwenye lenzi yako, na telekonveta, ambayo iko nyuma, haiwezi kuugusa mlango huo. Ukiacha ule mwanga kidogo unaopotea kwenye vioo vyake, mwanga uliotoka kwa yule ndege ukafika kwenye kihisi ni uleule. Umetandazwa tu juu ya pikseli nyingi zaidi. Mchukue ndege kutoka picha ya milimita 400 ya ISO 1600, mkuze kwenye kompyuta alingane na yule wa milimita 800 wa ISO 6400, uwaweke bega kwa bega: chenga zao zitakaribiana sana.

Kwa hiyo unachokipata ni pikseli juu ya mwili wa ndege: mara mbili kwa 1.4x, mara nne kwa 2x. Swali la kujiuliza ni kama hizo pikseli za ziada zitapata kitu cha kurekodi. Zikipata nyuzi za unyoya na mng'ao wa jicho, umeshinda wale wanaokata picha. Zikipata ukungu, utakuwa na ukungu uliochorwa kwa pikseli mara nne.

Kwa picha zako za bwawani, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni hewa.

Jua la saa sita linapasha ardhi na kingo za maji, hewa ya chini inapata joto na kupanda, ya juu iliyo baridi inashuka, na kila mahali hewa mbili za joto tofauti zinapokutana mwanga unapinda kidogo. Ni jambo lilelile linaloleta mazigazi barabarani. Kwa macho matupu huoni kitu mita 70 mbele yako. Kwa milimita 800 unaona mpaka wa maji ukicheza kama pazia. Kila mwale uliotoka kwenye unyoya wa bata umesukumwa huku na huku mara nyingi kabla ya kukufikia, na hakuna shata, tripodi wala programu itakayoyarudisha manyoya yale. Hewa ikishaichafua taswira, telekonveta inaukuza uchafu.

Nimewahi kupoteza asubuhi mbili nzima kwa mdiria aliyekuwa ng'ambo ya mto, nikilaumu fokasi, nikabadilisha mipangilio yote ya kamera. Siku ya tatu nilifika kabla ya jua kuchomoza. Mdiria yuleyule, kigogo kilekile, lenzi ileile, na picha za robo saa ya kwanza zilionyesha kila alama kwenye mdomo wake. Jua lilipopanda, ukungu ukarudi polepole, picha moja baada ya nyingine, mpaka nikafunga vifaa. Tangu siku hiyo, kabla ya kuilaumu lenzi, naikuza taswira kwenye skrini ya kamera, naangalia kitu chenye ukingo ulionyooka karibu na ndege, tawi au nguzo. Ukingo ukitetemeka wakati kamera imetulia, hiyo ni hewa.

Na hewa mbaya haiko mbali tu. Ukipiga kupitia dirisha la gari huku injini ikiunguruma, au gari limepigwa na jua na ndani kuna joto, joto hilo linatoka dirishani na kupita mbele ya lenzi yako. Hata kofia ya lenzi iliyotoka mahali pa joto kuingia baridini inaweza kushika hewa ya vuguvugu ndani yake. Iache lenzi nje kwa muda izoee.

Baada ya hewa kuna mtikisiko. Kanuni ya zamani ya kamera ya mkononi inasema shata isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo kwa milimita 800 uanzie 1/800. Wewe ulikuwa 1/500. Utasema lenzi ina kitulizi, na ni kweli, lakini kitulizi kinatuliza mkono wako tu. Bata anayeelea na korongo anayenyosha shingo hawatulizwi na chochote. Hapa kuna jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kwa shata ileile, ndege anayesogea huacha mfuto (ukungu wa mwendo) uleule ukilinganisha na mwili wake, uwe na telekonveta au usiwe nayo. Ukitaka pikseli za ziada zikupe manyoya ya ziada, lazima shata iwe ya kasi zaidi kuliko ulivyozoea, na kila unapoongeza kasi unakula mwanga ambao tayari umepungua. Kwa ndege aliyetulia, na 1.4x, mimi naanzia 1/1000 mwanga ukiruhusu. Kwa anayeruka sishuki chini ya 1/2000. Ndege akituama kabisa, kama bundi mchana, basi unaweza kushuka sana, ukiegemeza lenzi mahali imara na kupiga nyingi mfululizo ili moja itoke.

Fokasi nitaipita haraka kwa kuwa kamera yako imekuokoa. Kamera za kioo, zile zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho, hutumia mfumo tofauti wa kutafuta fokasi, na nyingi hukoma kwenye f/5.6, zilizo bora hufika f/8, mara nyingi kwa pointi chache za katikati. Kwa kamera za namna hiyo, 2x juu ya lenzi ya f/5.6 ina maana fokasi ya mkono. Kamera yako inasoma fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo f/11 inafanya kazi, ila kwa uzito: kwenye mwanga hafifu, au ndege wa rangi ya majani yaliyomzunguka, utaiona ikienda mbele na nyuma. Lenzi ikiwa na swichi ya kuzuia fokasi isitafute karibu, itumie ndege wakiwa mbali.

Lenzi yenyewe naiweka mwisho kwa makusudi. Watu huanza kuilaumu kabla ya kuipima; namna ya kuipima iko kwenye jaribio huko mbele.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Telekonveta huuzwa kama kifaa cha kuwafikia ndege walio mbali. Mimi naiona kama kifaa cha ndege wadogo walio karibu. Fanya hesabu hii. Chozi wa sentimita 10 akiwa mita 6 kutoka kwako, lenzi yako tupu kwenye 400 inamchora kwenye kihisi kwa urefu wa kama milimita 6.7. Bata wa sentimita 50 akiwa mita 70, hata ukiweka 2x, anachorwa kwa milimita 5.7. Bata wako wa milimita 800 ni mdogo kuliko chozi wa milimita 400, na katikati yenu kuna mita 70 za hewa ya mchana badala ya sita. Mfungie yule chozi 1.4x: anakuwa milimita 9.3, kupitia hewa safi, na kila pikseli ya ziada inakutana na unyoya halisi. Hapo telekonveta inalipa.

Kuna zawadi nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Umbali wa karibu kabisa ambao lenzi yako inaweza kupata fokasi haubadiliki ukifunga telekonveta. Kama lenzi inakubali mita moja, itaendelea kukubali mita moja, na picha inakuwa kubwa mara 1.4. Kwa ndege wadogo wanaokuja karibu ukiwa umejificha, hiyo ni nguvu kubwa.

Geuza hesabu hiyohiyo upande wa miguu yako. Kutoka mita 14 kusogea hadi 10 ni sawa na kufunga 1.4x. Kutoka mita 20 hadi 10 ni sawa na 2x. Hatua hizo hazili stopu hata moja, na zinapunguza hewa iliyo katikati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa ndege msemo huu ni wa kuufuata neno kwa neno: shuka chini, tambaa, simama kila anapoinua kichwa, usimwendee kwa mstari ulionyooka, au afadhali ukae pale anaporudi mara kwa mara umsubiri yeye asogee. Korongo anayevua ukingoni, ukitulia, mara nyingi atatembea mwenyewe kukujia.

Ila kuna ndege wa kutosogelewa. Aliye kwenye kiota, mwenye makinda, aliyetua kwa uchovu baada ya safari ndefu. Akianza kupiga kelele za onyo, au kukukazia macho akaacha kula, umefika karibu mno na unatakiwa kurudi nyuma. Kwa huyo, telekonveta ni heshima, na sioni sababu ya kuona haya kukata picha pia. Picha ndogo ya ndege aliyebaki kwenye mayai yake ina thamani kuliko kubwa ya ndege aliyeyakimbia.

Kwa nini basi 1.4x na si 2x? Lenzi ya f/5.6 ikipewa 2x inaanzia f/11, na huwezi tena kufunga tundu kidogo ili kuiongezea ukali bila kuingia kwenye ISO za juu sana. Kisha kuna mpaka wa fizikia: mlango wa milimita 71 hauwezi kutenganisha vitu vilivyopishana chini ya kama milimita 0.2 kwa umbali wa mita 20, hata hewa ikiwa tulivu kabisa. Kihisi chako kina pikseli kubwa kiasi, kama maikromita 6 kila moja, kwa hiyo kwa milimita 400 bado zipo nyuzi za unyoya ambazo lenzi inazileta na pikseli hazizipati, 1.4x itaokoa sehemu nzuri ya hizo. Ungekuwa na kihisi kidogo cha APS-C chenye megapikseli 24 zilezile, ambacho pikseli zake ni kama maikromita 4, ningekwambia kata picha na utunze fedha zako, maana kihisi cha namna hiyo kimeshafanya kazi kubwa ya telekonveta peke yake.

Ya 2x ina wenyewe. Ni wenye lenzi kubwa za urefu mmoja: 300 ya f/2.8 inayokuwa 600 ya f/5.6, au 400 ya f/2.8 inayokuwa 800 ya f/5.6. Hizo zina ukali wa akiba na mwanga wa akiba. Na hata watengenezaji wa lenzi hizo, walipoamua kuingiza telekonveta ndani ya lenzi yenyewe, walichagua 1.4x: Canon kwenye 200–400 f/4 ya mwaka 2013, Nikon kwenye 400 f/2.8 na 600 f/4 za mwaka 2022. Wahandisi hao wangeweza kuweka chochote.

Kabla hujalipa, hakikisha lenzi yako inaikubali telekonveta unayoitaka. Nyingi zina kioo cha mbele kilichochomoza, kinachoingia ndani ya mkia wa lenzi, na lenzi isiyo na nafasi hapo itagongana nacho kioo kwa kioo. Usiilazimishe hata kidogo. Kuna na lenzi zinazokubali nusunusu: Canon RF 100–500, kwa mfano, inazipokea telekonveta za RF kuanzia milimita 300 kwenda juu tu, kwa hiyo ukishafunga huwezi kurudi 100. Kwa ndege hilo linauma, kwa sababu ufundi mzuri wa zumu ni kumtafuta ndege ukiwa umefungua kwa upana kisha kuvuta. Kwa milimita 400 unaona upana wa pembe ya kama digrii 5 tu. Kwa 560 zinabaki 3.7, kwa 800 ni 2.6. Ndege akiruka kutoka kwenye upana huo, kumpata tena ni kazi. Jizoeze kumkazia macho yeye, usishushe kichwa, ulete kamera kwenye jicho badala ya kulipeleka jicho kwenye kamera.

Jaribio lenyewe ni hili. Asubuhi na mapema, weka lenzi kwenye tripodi, tafuta unyoya au kipande cha gazeti, kiweke mita 8 hivi kutoka kwako kwenye kivuli angavu. Piga kwa 400 na f/5.6 lenzi ikiwa tupu, zima kitulizi, tumia saa ya kuchelewesha shata, na urudie fokasi kila mara kwa picha kama kumi. Itazame bora yao kwa asilimia 100. Ikiwa herufi ni kali, lenzi yako inastahili 1.4x. Ikiwa hata bila telekonveta herufi zimevimba, funga tundu hadi f/8 uone kama zinapona. Zikipona kwa f/8 pekee, jua kwamba ukifunga 1.4x utalazimika kupiga kwa f/11, na faida itakuwa ndogo mno. Kisha iazime ya 1.4x, piga kitu kilekile kutoka palepale, na uikuze picha ya lenzi tupu kwa asilimia 140 uzilinganishe. Usilinganishe picha nzima kwa picha nzima, maana ya telekonveta itaonekana imefifia siku zote hata ikiwa na habari zaidi. Usipoona tofauti, basi kukata picha ndiko jibu lako, na hujapoteza kitu.

Kuhusu kuiacha kwenye lenzi muda wote: hapana. Mimi naanza siku lenzi ikiwa tupu, wakati mwanga bado ni mchache na stopu moja ni tofauti ya picha kutoka au kutotoka. Jua likishapanda kidogo na wadogo wakianza kushughulika vichakani, naifunga. Mbayuwayu au mwewe wakianza kuruka, naitoa, kwa kuwa nahitaji upana na fokasi ya haraka kuliko pikseli. Joto likianza kuchezesha hewa naitoa pia, na ndege wa mbali nawaacha mpaka jioni. Kila unapobadilisha, zima kamera, elekeza mdomo wake chini ili vumbi lisiingie kwenye kihisi, na ufute vioo vyote viwili vya telekonveta kabla ya kuifunga. Alama ya kidole kwenye kioo cha nyuma inaweza kukupunguzia ukali siku nzima bila wewe kujua.